Vinywa Thelathini na Kimoja

Gari moshi lilipunguza mwendo kabla ya kuingia stesheni, na Elisaria Munuo, aliyekuwa amepakata sanduku la karatasi tangu Morogoro kama mtu aliyepakata mgonjwa, akachungulia dirishani. Aliona mapaa ya karakana za reli za Gerezani, moshi mweusi, minazi michache iliyosahauliwa katikati ya nyumba, na watu wengi kuliko aliowahi kuwaona siku yoyote ya gulio kule Machame. Koti lake la sufu, lililomfaa sana alipopanda basi Moshi siku tatu nyuma, sasa lilikuwa adhabu. Alilivua, akalitupa begani, akashuka na sanduku lake.

Ndani ya sanduku mlikuwa na fomu mia mbili, na katika kila fomu maswali tisa. Kazi yake ilikuwa kuyapeleka maswali hayo Kariakoo na kurudi na majibu.

Aliyemwajiri alikuwa Mmarekani, Dokta Lindquist, mtu mrefu mwenye shingo nyekundu, ambaye kazi yake kwao ilikuwa kupima maoni ya watu. Sasa alitaka kujua watu wa nchi za mbali wanaionaje Marekani na yale ambayo Marekani inasema inayaamini. Walikutana Moshi, kwenye ghala la kahawa ambako Elisaria alikuwa karani. Dokta alikuwa akijitahidi kueleza jinsi mtu anavyoweza kuuliza watu mia mbili akajua mawazo ya watu elfu ishirini, na Elisaria akachukua bambo ukutani, kile chuma chenye ncha na mfereji, akakichoma ubavuni mwa gunia. Punje chache zikateremka kiganjani. Akachoma tena chini, kisha katikati.

"Sasa naijua kahawa ya gunia zima," alisema, "na sikulimwaga."

Dokta alicheka mpaka akakaa juu ya mizani. Alimwajiri palepale. Ila alikuwa mtu mkweli, akamwambia pia kwamba mwaka wa arobaini na nane wapimaji maarufu wa kwao walitangaza kuwa mtu fulani atakuwa rais, na aliyeshinda akawa mwingine.

"Kwa hiyo bambo linaweza kudanganya?" Elisaria aliuliza.

"Bambo halidanganyi. Mkono unaolishika ndio unaodanganya."

Huo ulikuwa mwaka wa 1957, mwezi wa tisa ukielekea ukingoni. Elisaria alipanga chumba Mtaa wa Sikukuu, na asubuhi yake akaanza kazi kama alivyoagizwa: kila nyumba ya tano, au mwuzaji wa tano sokoni, mtu mmoja, asichague sura. Kariakoo ilimpokea kwa mdomo wake.

"Unauza nini, Mangi?" aliulizwa na Hyasinta, mwanamke wa Kiluguru aliyepanga mchicha na bamia kwenye gunia karibu na lango la soko.

"Siuzi kitu, mama. Nauliza maswali tu."

"Mchaga asiyeuza kitu! Haya, jamani, Kiyama kimekaribia, tubuni." Wenzake wakaangua kicheko. Lakini alimjibu maswali yote, huku akinyunyizia mchicha maji. Redio hana. Gazeti hasomi. Habari za Marekani amezisikia. Kisha Elisaria akafika swali la nane: Wamarekani wanaamini kwamba watu wote wameumbwa sawa; wewe unaionaje Marekani?

"Mimi mambo ya Marekani nayajulia wapi?" alisema Hyasinta. "Andika hivi: Marekani kaandika 'Karibu' juu ya mlango, kisha kauegemea mlango kwa ndani."

Elisaria aliandika, na akatabasamu. Lilikuwa jibu zuri. Nyumba ya tano iliyofuata, mchukuzi mmoja wa bandarini aitwaye Shomari alimpa jibu lilelile. Mtaa wa pili, mke wa mwokaji mikate akalitoa nyuma ya pazia. Kwa muda wa wiki moja alijaza fomu arobaini, na katika thelathini na moja Marekani alikuwa ameuegemea mlango kwa ndani.

Jumamosi alizipeleka hotelini, karibu na bandari. Dokta Lindquist alizisoma kwenye ukumbi wa mbele, moja moja, huku akipiga meza kidogo kwa kalamu. Kisha kalamu ikanyamaza. Akaanza kuzitenga: hizi huku, hizi kule. Rundo la upande mmoja likawa refu.

"Elisaria," alisema, kwa Kiingereza cha taratibu, "hata kwetu tunao watu wa namna hii. Anapewa fomu, anaona jua kali, anaingia mgahawani. Anaagiza kahawa, anazijaza zote kwa mkono mmoja."

Elisaria alihisi masikio yakimwaka. "Waliniambia hivyo, bwana."

"Thelathini na moja? Neno kwa neno?"

"Neno kwa neno. Hata mimi nilishangaa, ila sikuajiriwa kushangaa."

Dokta hakucheka. Alimpa wiki moja. Akishindwa kumwonyesha majibu hayo yametoka wapi, atarudi Moshi na barua inayoeleza kwa nini amerudi. Elisaria aliijua barua ya namna hiyo ingefanya nini. Kule ghalani karani anaaminiwa kwa sababu watu elfu wasiojua kusoma wanamwachia yeye aseme gunia lao ni zuri au baya. Karani aliyewahi kubuni majibu hatashika bambo tena maishani mwake, na kanisani babake, mzee wa usharika, atahamia benchi la nyuma.

Alirudi Kariakoo kwa miguu, na safari hii hakufungua sanduku. Alisimama mbele ya bamia za Hyasinta.

"Mama, yale maneno ya mlango. Ni nani aliyekwambia?"

Hyasinta alimtazama, akaona uso wake si wa juzi. "Umepatwa na nini, mwanangu?" Na Elisaria alipomweleza, aliguna, akaelekeza kidole ng'ambo ya barabara. "Hayo ni ya barazani. Nenda kwa fundi Abbasi. Saa kumi, wakitoka msikitini. Usiende mapema, hapendi kuongea akiwa na uzi mdomoni."

Baraza lenyewe lilikuwa la duka la vitambaa la Vallabhdas, Mhindi mnene mpole aliyekaa ndani katikati ya majora ya khanga na ya marekani, kile kitambaa cha pamba. Nje, kwenye kivuli cha bati, fundi Abbasi alikuwa na cherehani yake, meza, na chupa ya chai. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, mwembamba, mguu mmoja ukikanyaga pedeli vizuri kuliko mwenzake.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Wewe ndiye Mchaga wa maswali. Kaa. Kanzu au suruali?"

"Nimekuja kuuliza."

"Bila shaka," alisema Abbasi, na waliokuwa wamekwisha kukaa barazani wakacheka.

Alichokiona Elisaria siku ile, na siku iliyofuata, hakukiona kwenye fomu yoyote. Abbasi alizaliwa Gerezani, akasoma chuo cha Kurani na miaka miwili ya shule ya serikali, kisha vita vya dunia vikamchukua hadi Bama, ng'ambo ya India, ambako alishona mahema mpaka kipande cha chuma kilipomwingia pajani. Alilazwa hospitali Kalkata. Kitanda cha pili alilala dereva wa malori, Mmarekani mweusi aitwaye Klarensi, na kwa Kiingereza cha kuungaunga wakakaa wiki saba wakizungumza. Klarensi alimwonyesha picha ya mamake. Alimwambia pia kwamba kwao, akivaa sare ya taifa lake na kupanda basi, hukaa nyuma. Abbasi alirudi nyumbani na mambo mawili: kuchechemea, na tabia ya kulisoma gazeti lote hadi tangazo la dawa ya minyoo.

Kila alasiri alisimamisha cherehani, akasoma kwa sauti. Wachukuzi, wauza samaki, wapagazi wa mkaa na wanawake waliopita na makapu walisimama kusikiliza. Gazeti likikunjwa, Abbasi husema, "Haya, tukate kitambaa." Hapo kila mtu hutoa lake. Abbasi huyasikiliza, huyaunganisha, na kuyasema kwa sentensi moja fupi. Na yeyote, awe na meno au hana, ana haki ya kusema, "Fumua!" Sentensi ikifumuliwa inaanzwa upya. Watu wakinyamaza, Abbasi hukanyaga pedeli, cherehani inanguruma, na jambo limekwisha. Kila mtu anakwenda nalo kwake.

"Lakini kwa nini moja?" Elisaria aliuliza. "Kila mtu si ana kichwa chake?"

"Vichwa viko. Ila sikiliza, Mangi. Shomari hapa akisema neno lake bandarini, mnyapara akalikasirikia, nani anafukuzwa?"

"Mimi," alisema Shomari.

"Na likiwa la mtaa mzima?"

"Wafukuze bandari nzima."

"Neno la mmoja humfunga mmoja," alisema Abbasi, akilamba uzi. "La mtaa utalifungia jela ipi?"

Elisaria akaeleza shida yake, wiki aliyopewa, barua. Alitaka kumleta yule Mmarekani aone kwa macho. Shomari alikuwa wa kwanza kukataa. "Leo mzungu wa kuandika, kesho mzungu wa kukamata. Huyu kijana mwema, lakini arudi tu kwao akalime kahawa."

"Shomari, wewe mwaka jana ulisingiziwa gunia la sukari," alisema Abbasi.

"Sikuliiba!"

"Ndiyo maana ulilia hapa kama mtoto, na sisi tukaenda kukutolea ushahidi. Mlete, Mangi. Nguo ikichafuka utapata sabuni. Jina halina."

Shomari hakusema "fumua." Alitema mate pembeni, na Abbasi akakanyaga pedeli.

Dokta Lindquist alikuja Jumanne, siku ambayo gazeti lilileta habari kwamba Warusi wamerusha kitu angani kinachoizunguka dunia. Vallabhdas mwenyewe alimtolea kiti. Dokta alikaa, magoti yakiwa karibu na kidevu, daftari mkononi, na Elisaria akimnong'oneza tafsiri.

Abbasi alisoma polepole. Alipomaliza, hakuna aliyecheka.

"Mrusi kapanda mbinguni," alianza mmoja.

"Fumua!" alisema Shomari. "Mbinguni hapapandwi kwa bati."

"Mrusi karusha mpira, Mmarekani anautafuta."

"Fumua. Huu si mpira, unazunguka wenyewe."

"Kwani utamwangukia nani?" Hyasinta aliuliza kutoka barabarani, kapu kichwani. "Mimi nakaa nyumba ya makuti, jiwe likianguka silisikii."

Watu wakaguna. Abbasi akafumba jicho moja. "Mrusi karusha jiwe juu," alisema polepole. "Mwenye paa la bati ndiye asiyelala."

Kimya. Elisaria alimaliza kutafsiri, na Dokta Lindquist akajikuta anatazama juu, kwenye bati la Vallabhdas, kisha uso wake wote ukawa mwekundu kama shingo, na akacheka mpaka daftari likaanguka. Pedeli ikakanyagwa.

Kesho yake alitaka kuuliza mwenyewe, Elisaria akimfuata nyuma tu. Alichagua njia kwa kurusha kalamu chini na kufuata ncha yake. Mitaa minne kutoka pale, alimsimamisha mwuza samaki asiyemjua, na kwa Kiswahili chake cha kitabuni akamwuliza anaonaje kuhusu Warusi. Mwuza samaki alimtazama toka kofia hadi viatu.

"Mrusi karusha jiwe juu, bwana mkubwa," alisema. "Mwenye paa la bati ndiye asiyelala. Changu unataka au kibua?"

Dokta alinunua vibua sita, akasimama navyo katikati ya barabara, damu ya samaki ikimdondokea kiatuni. Akampa Elisaria mkono ule usio na samaki.

"Nilikukosea," alisema. "Nisamehe."

Elisaria aliupokea mkono. Walitembea pamoja hadi hotelini, Dokta akiongea peke yake. Kwa hesabu zake, alisema, watu thelathini na moja walikuwa mtu mmoja. Hesabu yote inasimama juu ya jambo moja, kwamba kila mtu anajibu peke yake.

"Punje za kahawa hazizungumzi ndani ya gunia," Elisaria alisema.

Dokta alisimama, akaandika maneno hayo. Kisha akaongeza swali la kumi, ambalo Elisaria angeliandika kwa mkono kwenye fomu mia moja sitini zilizobaki: Maneno haya uliyasikia kwa nani? Aliondoka kwa ndege kwenda Nairobi mwisho wa wiki, amefurahi kama mtu aliyegundua mto.

Lakini mzungu kukaa barazani Kariakoo alasiri nzima si jambo la kupita kimya mwaka ule, serikali ya Mwingereza ikichunguza kila mkusanyiko. Jumatatu alikuja bwana mwingine, wa soksi ndefu, asiyesema anatoka ofisi gani. Hakununua kitambaa. Alimwuliza Vallabhdas leseni yake inaisha lini, na ni nani anayewasomea watu gazeti hapa nje.

Vallabhdas hakulala usiku huo. Asubuhi alitoka nje, akasimama karibu na cherehani, akiminya vidole vyake.

"Abbasi bhai. Miaka tisa upo hapa. Shona. Shona mpaka uzeeke. Lakini gazeti, kidogo tu, pumzika. Mpaka huyu mtu asahau."

"Nitashona kimya?"

"Kidogo tu."

"Vallabhdas, ndugu yangu, cherehani bila gazeti ni kelele." Hakusema kwa hasira. Alikata uzi kwa meno, akaukunja mkono wa kanzu aliokuwa akiushona. "Magomeni wanajenga nyumba mpya kila siku. Watu wapya, hawana fundi. Nitapata baraza."

Elisaria alipofika, mkokoteni ulikuwa umekwisha kupakiwa. Cherehani ilifunikwa kwa kitambaa cha mto, na Vallabhdas, mwenye duka, alikuwa akiibeba meza mwenyewe, jasho likimtiririka, akimkataza kila aliyetaka kumsaidia. Hyasinta alikuwa ameleta fungu la mchicha la njiani. Shomari alishika mti wa mkokoteni na hakumsalimu Elisaria.

"Fundi," alisema Elisaria. "Ni mimi niliyekuhamisha."

"Ni wewe," alisema Abbasi. "Nani mwingine? Lakini nilikubali nikiwa na akili zangu. Ulikuwa na jina la kuosha, umeosha. Mimi cherehani yangu ina miguu."

"Kuna jambo moja tu." Elisaria alijisikia mjinga, lakini udadisi ulimshinda. "Watu wote nimewauliza swali la nane. Wewe sikukuuliza."

Abbasi alimtazama, kisha akacheka kicheko kirefu cha kweli, mpaka akashika gurudumu.

"Mangi, wewe ukifa utamwuliza Izraili anaonaje! Haya. Mimi yangu waliifumua." Akauona mshangao wa Elisaria, ukamfurahisha. "Hukujua? Siku ile tuliposoma habari za wale watoto weusi wa Marekani waliozuiwa mlangoni mwa shule, na askari wakaja baadaye kuwaingiza, mimi nilisema hivi: nyumba ile ina ndugu wawili. Mmoja anaufunga mlango, mwingine anakuja mbio kuufungua, na hatujui nani atachoka kwanza. Nilimkumbuka Klarensi. Alikuwa akiipenda nchi yake, bwana, hata sijui vipi. Shomari akasema, fumua, ndefu."

"Ilikuwa ndefu," alisema Shomari.

"Wengine wakasema ndugu wawili hawakai kichwani mwa mtu aliyebeba kapu. Kweli. Nikafumua."

Elisaria alikuwa ametoa kalamu bila kujua. "Kwa hiyo ile ya mlango, ile waliyoitoa wote, ni maneno ya nani?"

Hyasinta aliinama kulifunga fungu la mchicha ambalo lilikuwa limefungwa tayari. Abbasi alipanda kwenye mkokoteni, akauweka mguu mbovu juu ya meza.

"Unaona?" alisema kwa upole. "Umekuja kuniaga, na bado kidogo umhamishe mwingine. Twende, Shomari, jua linapanda."

Mkokoteni ulijikongoja, ukapita katikati ya magunia na wapita njia, Abbasi akipungia mkono watu wa pande zote mbili kama bwana harusi, mpaka ulipokata kona ya Mtaa wa Swahili. Vallabhdas aliingia dukani. Hyasinta alirudi kwenye bamia zake.

Elisaria alibaki barazani. Mahali pa cherehani palikuwa na vipande vya uzi na alama nne za miguu ya meza. Alikaa hapo sakafuni, akafungua sanduku. Swali la kumi, lile la uliyasikia kwa nani, alikuwa amekwisha kuliandika kwenye fomu thelathini na tano, kwa mwandiko wake mzuri wa ukarani. Akachukua ile ya juu, akalikata swali hilo kwa mstari mnene, akaiweka kando, akachukua ya pili.